Kidonda Kisafi

Kila Jumatatu na Alhamisi, saa moja kabla nesi hajafika, nilikuwa napiga deki jikoni, nafuta vumbi juu ya friji ambako hakuna anayetazama, kisha naosha kidonda cha mume wangu.

Usinicheke. Kwetu mgeni hakuti uchafu. Mama yangu alikuwa na mwanamke wa kumfanyia usafi kila Ijumaa, na kila Alhamisi alishinda kapiga magoti akisugua sakafu ili huyo mwanamke asije akaona nyumba chafu. Damu hiyo ndiyo ninayo. Nesi alikuwa mgeni, kidonda kilikuwa ndani ya nyumba yangu, basi kidonda nacho kilipaswa kumpokea kikiwa safi.

Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa nikijiambia. Sababu ya kweli ilikuwa woga. Orrin, kaka wa mume wangu, alipata kidonda mgongoni kwa kulala sana. Nesi alikitazama, akakunja uso, akapiga simu, na wiki haikuisha Orrin akawa amehamishiwa nyumba ya wazee kule Halvard. Aliingia Novemba akilalamika kwamba kahawa yao ni maji ya kuoshea vikombe. Pasaka tulimzika. Tulipokuwa tukirudi kutoka makaburini, mume wangu Verlyn akasema huku akitazama barabara, "Mimi wasinipeleke kule, Mama."

Ananiita Mama tangu tupate mtoto wa kwanza. Tulikuwa tumeoana miaka hamsini na moja, na hilo lilikuwa ombi la kwanza nililomsikia akiomba kwa mtu yeyote. Huyu ni mtu ambaye fahali alimvunja mbavu mbili, na daktari alipomuuliza anaumia kiasi gani akasema, "Si haba, siwezi kulalamika." Ndivyo wanaume wa Wisconsin walivyo, na wanawake wao si afadhali.

Kidonda kilikuwa kwenye kisigino cha kushoto. Verlyn ana kisukari, miguu imekufa ganzi. Oktoba alivaa mabuti mapya, akashinda nayo zizini, akarudi soksi imejaa damu na yeye hana habari. Daktari alikata nyama iliyokufa, akaandika nesi awe anakuja nyumbani mara mbili kwa wiki, kwa kuwa Verlyn hawezi kutoka bila kigari chake cha kutembelea na mtu wa kumshika. Ndipo akaja Tawnya Wojahn, mama wa makamo mwenye sauti ya kuitia ng'ombe na bampa ya gari iliyofungwa kwa kamba.

Tawnya hakuwa na makuu. Anavua viatu mlangoni, anamtania Verlyn, anapima kidonda kwa rula ya karatasi, anaandika kwenye tableti yake huku akijisomea kwa sauti: "Bendeji kavu. Hakuna harufu. Hakuna usaha." Mimi nasimama pale na kikombe cha kahawa, naona fahari kana kwamba keki yangu imepata utepe wa ushindi kwenye maonyesho ya wilaya.

Bendeji haikuwa yake. Yake nilikuwa nimeshaibandua, nimeitia kwenye mifuko miwili ya plastiki na kuifukia chini kabisa ya pipa. Namlaza Verlyn kwenye kiti chake cha kuegemea, mguu juu ya stuli, nasema nakunyooshea soksi kidogo, naye hutazama televisheni tu. Namimina dawa ya povu, ile ya chupa ya kahawia ambayo mama yangu alitutibia nayo kila kitu kuanzia magoti hadi midomo. Inachemka nyeupe, naipangusa, namimina tena mpaka pawe pekundu na safi. Kisha naweka shashi mpya na plasta kama anavyoweka Tawnya. Yeye huandika juu ya plasta tarehe na herufi mbili za jina lake, T.W. Na mimi niliandika tarehe ileile ya siku aliyokuja mara ya mwisho, na T.W. Mwandiko wake ni rahisi kuiga. Nilikuwa na umri wa miaka sabini na minne, mzee wa kanisa, na nilikuwa naghushi plasta.

Jumatatu moja ya Februari Tawnya alimaliza kufunga mguu lakini hakufunga mkoba wake.

"Bi Ardis, hebu kaa."

"Nikikaa kahawa itaungua."

"Iache iungue."

Nikakaa. Alitoa karatasi akaiweka mezani, akaigeuza nisome. Sikuona hata neno. Nilikuwa natazama mdomo wake tu, nasubiri atamke Halvard.

"Bima ya wazee hailipi nesi kwa sababu mtu ana kidonda," alisema. "Inalipa kwa sababu kidonda kinahitaji nesi. Hayo ni mambo mawili. Kidonda chenye shimo, chenye usaha, kinachobadilika, kinachotaka mtu aliyesomea akitazame na kujua leo kimeelekea wapi, hicho ni cha nesi. Hiki cha mzee Verlyn kikavu, hakinuki, wiki tatu kiko vilevile, na nyumbani yupo mtu wa kubadilisha bendeji. Ofisi wamesoma nilichoandika, wakasema hapo hakuna kazi ya nesi, ni kazi ya kubandika plasta. Alhamisi ndiyo mara yangu ya mwisho."

"Sawa tu," Verlyn akasema kutoka kwenye kiti chake. "Siwezi kulalamika."

"Wewe hujawahi kulalamika, ndiyo matatizo yako," Tawnya akamjibu. Kisha akanigeukia tena, akashusha sauti. "Kinachonisumbua ni kwamba hakifungi. Kidonda kisafi hivi kingekuwa kimeshafunga zamani. Nimempigia daktari, naye anasoma yaleyale niliyoandika, na mimi naandika ninachokiona. Sielewi." Akavuta tableti. "Lazima nikuulize rasmi, nijaze. Utaweza kukihudumia mwenyewe?"

"Bila shaka," nikasema.

Jibu lilitoka kabla sijaliita. Uniulize kama naweza kumbeba fahali mgongoni nitakwambia bila shaka. Tawnya akabonyeza, nami nikamsindikiza hadi mlangoni na kipande cha mkate wa ndizi nimemfungia. Gari lake lilipopinda kwenye barabara kuu nilitaka kucheza. Jicho lilikuwa linaondoka. Hakuna wa kukunja uso, hakuna wa kupiga simu.

Furaha hiyo haikufika saa ishirini na nne.

Jumanne baada ya chakula cha mchana nilisema ngoja nianze kazi yangu mpya. Nikambandua. Kwa mara ya kwanza sikuwa na haraka, hakuna gari lililokuwa njiani, kwa hiyo kwa mara ya kwanza nilitazama kweli. Harufu niliijua, nimelelewa na mifugo: ndiyo ile ya kwato iliyooza. Kingo zilikuwa zimefifia, nyeupe kama ngozi iliyokaa majini. Katikati palikuwa na tundu dogo ambalo nilikuwa nikilidhani kivuli. Nikamimina dawa ya povu.

Dawa ikaingia tunduni. Ikapotea. Nikamimina tena, ikapotea tena, nikainama nione imekwenda wapi. Ndipo povu likaanza kutokea kwingine kabisa, upande wa ndani wa mguu, vidole vitatu kutoka pale, kwenye mpasuko mdogo niliokuwa nikiuona kila nikiosha na kuuita ukavu wa ngozi. Lilitoka polepole, jeupe, kisha la manjano.

Ndani ya mguu wa mume wangu mlikuwa na njia, na hakuna mtu duniani aliyejua ila mimi na chupa ya kahawia.

"Vipi huko chini?" Verlyn akauliza, macho kwenye televisheni.

"Vizuri," nikasema.

Alikuwa amejifunika mablanketi mawili na jiko linawaka. Nilimgusa shingo kwa kisingizio cha kumrekebishia kola. Ilikuwa ya moto.

Niliweka shashi, niliweka plasta. Nilishika kalamu ya jikoni, na sikuweza kuandika T.W. Niliandika tarehe ya siku ile, Jumanne, na A.T., herufi zangu mwenyewe. Kisha nikaenda sebuleni kwenye simu, nikapiga ofisi ya wauguzi. Binti akapokea, akasema jina la ofisi, akauliza anisaidie nini. Nikakata. Nikapiga tena baada ya nusu saa, nikakata tena. Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo nalijua, nimelisema kwa watu wengi mno. Lakini maradhi hayakuwa yangu, na kifo nilichokuwa nikikiogopa kilikuwa na anwani: Halvard, chumba cha kumi na nne, dirisha linalotazama mapipa.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichojifanyia. Niliogopa kidonda kitaonekana, nikakisafisha hata kikafukuza mtu pekee aliyejua kukisoma. Kuanzia Ijumaa tungebaki watatu: mimi, Verlyn na lile tundu. Nikisema, wanamchukua. Nisiposema, nakaa naye hapa namwagia povu mpaka aishe. Nilizunguka jikoni jioni yote nikifuta meza ambayo haikuwa na kitu. Kufikia wakati wa kula nilikuwa nimeamua jambo moja dogo, kwa kuwa makubwa sikuyaweza. Sitagusa. Mpaka Alhamisi saa nne asubuhi, sitagusa, na Tawnya atakuta kilichopo.

Jumatano harufu ilitoka sebuleni ikaja jikoni. Nilifungua madirisha mawili na nje theluji inaanguka. Saa tano jirani yangu Lavonne akabisha na bakuli la viazi vya jibini, maana mtu akiugua kwetu viazi vya jibini huja vyenyewe. Hakupita hata mlango akasimama, pua juu.

"Ardis! Kuna nini humu?"

"Panya," nikasema. "Amekufa nyuma ya jiko."

"Wewe? Panya?" Alinitazama kana kwamba nimemwambia nimeanza kunywa pombe asubuhi. "Ardis Tollefsrud ana panya! Siku hii niiandike kwenye Biblia."

"Iandike, halafu uende nyumbani, usije ukashikwa na baridi."

Alicheka hadi garini. Kabla ya jioni nusu ya kanisa ingekuwa imejua, na nilishangaa kwamba sikujali. Niliweka viazi kwenye friji, nikaenda kumgusa Verlyn shingo. Ilikuwa ya moto zaidi. Alikuwa amelala na mdomo wazi, akionekana mzee kuliko kaka yake alivyoonekana kwenye jeneza.

Alhamisi saa tatu na nusu asubuhi nilijikuta nimeshika beseni. Haki ya Mungu sikumbuki kulijaza. Maji ya uvuguvugu, taulo begani, chupa ya kahawia kwapani, mikono imefanya yenyewe ilivyozoea. Nilisimama katikati ya jikoni nikiyatazama maji.

"Mama," Verlyn akaita. "Leo huoshi?"

Sikujua kwamba alijua. Nilienda nikasimama mbele yake na beseni langu.

"Kuosha nini?"

"Usinifanye mjinga. Mguu hausikii, pua inasikia." Midomo yake ilikuwa mikavu. "Kila mara akija unaosha. Akiniuliza kama kuna mtu anabadilisha bendeji katikati, namwambia hakuna. Sasa mbona leo umechelewa? Amebakiza nusu saa."

"Leo sioshi. Leo aone."

Gari la kusukuma theluji lilipita barabarani, vyombo kabatini vikatetemeka, likaenda zake.

"Akiona, watanipeleka," akasema.

"Sijui."

"Unajua. Orrin walimpeleka kwa kidogo kuliko hiki." Alijaribu kuketi vizuri, akashindwa, akanishika kiganja. Mkono wake ulikuwa wa moto kama mkate uliotoka kwenye oveni. "Osha, Mama. Mara hii tu. Alhamisi ndiyo mwisho wake, akitoka hapa hakuna tena wa kuja kuangalia. Osha. Tafadhali."

Hilo lilikuwa la pili. La kwanza njiani kutoka makaburini, la pili hapo. Mtu niliyemngoja nusu karne aniombe kitu, ananiomba, na macho yake yana machozi, na maji nimeshayashika mikononi. Nimeogopa mambo mengi: ukame, benki, mwanangu wa kwanza alipozaliwa wa buluu. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kumwambia hapana mtu yule.

"Hapana, Verlyn."

Nikaenda nikamwaga maji kwenye sinki. Aligeuza uso kwenye ukuta. Hakunitazama tena mpaka gari la Tawnya likaingia uani.

Tawnya alianza kuongea akiwa bado mlangoni, akivua viatu, jambo fulani kuhusu barabara. Akakatiza katikati ya sentensi. Alikuja na soksi zake mpaka kwenye kiti, akapiga goti, akauinua mguu, akaona Jumanne na A.T. Akanitazama. Kisha akavaa glavu na kuibandua.

Alichukua kijiti chembamba, akakipeleka tunduni taratibu, kikaingia, kikaingia, kikazidi kuingia, mpaka nikaona nitapiga kelele. Mwisho kikagota. Ulikuwa mlio mdogo, kama wa ukucha kwenye sahani.

"Huo ni mfupa," Tawnya akasema.

Alipima. Alipima tundu, akapima njia, akabonyeza upande wa ndani na usaha ukatoka pale penye mpasuko. Aliweka kipimajoto mdomoni mwa Verlyn, akakisoma mara mbili. Ndipo akageuka, bado kapiga goti.

"Bi Ardis. Umekuwa ukikiwekea nini?"

Nilimwambia. Nilisema yote kwa mkupuo, plasta, pipa, tarehe, herufi zake, chupa. Nilienda nikaileta chupa nikaiweka mbele yake. Nilitegemea anifokee, na ningefurahi.

"Dawa hii haichagui," alisema. "Inaua uchafu, na inaua nyama changa pia. Mwili wake umekuwa ukijaribu kujaza lile tundu tangu mwezi wa kumi na moja. Kila ukiota uzi mmoja wa nyama, wewe unakuja unaumwagia."

Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa afadhali. Nilitafuta pa kushika, nikashika kiti, na mkono wangu ukawa karibu na bega la Verlyn bila kuthubutu kuligusa. Miezi miwili na nusu. Mara mbili kwa wiki. Kwa taulo safi.

Tawnya alimpigia daktari pale pale. Nilimsikia akitaja sentimita, mfupa, homa. Alipokata simu alisema Verlyn anatakiwa hospitali leo, sasa hivi, picha ya mfupa na dawa ya mshipani, na pengine kisu.

"Halafu Halvard," Verlyn akauambia ukuta.

"Nani kakutajia Halvard? Ukitoka hospitali unarudi hapa hapa, na mimi nakuja kila siku kama hawatasema vinginevyo. Kidonda kama hiki ndicho kilichonipeleka shule, mzee. Kile kingine cha Jumatatu, kisafi, ndicho kilichokuwa hakina kazi yangu." Alivuta tableti, akavua glavu moja kwa meno. "Lakini ofisi wana karatasi ya Jumatatu inayosema humu ndani yupo mtu anayeweza. Kwa hiyo nauliza upya. Yupo mtu kwenye nyumba hii anayeweza kukihudumia kidonda hiki?"

Verlyn akageuza kichwa. Homa ilikuwa imempaka mashavu rangi. Alinitazama mimi, si yeye.

"Mke wangu anaweza kila kitu," akasema. "Mke wangu hajawahi kushindwa na jambo katika nyumba hii. Andika hivyo."

Miaka hamsini na moja. Nimemkamulia ng'ombe wakati nina mimba ya miezi minane, nimemzika mamake, nimempikia milo nisiyoweza kuihesabu, na sifa kubwa niliyowahi kupata ni kwamba supu haina neno. Sasa ameitoa, mbele ya mtu, kwa sauti, na Tawnya kidole kiko juu ya kioo kinasubiri.

"Siwezi," nikasema.

"Mama."

"Siwezi, Verlyn. Sijui kukitazama. Nimekitazama tangu Novemba na sikukiona." Nikakigeukia kile kioo. "Andika, Tawnya. Mwenye nyumba amejaribu na hawezi. Ameharibu. Andika kama nilivyosema."

Tawnya akaandika. Alinisomea ili nithibitishe, na nikathibitisha kila neno.

Nisikuache roho juu: mguu ulibaki. Kipande cha mfupa wa kisigino hakikubaki, na Tawnya alikuja kila siku mpaka theluji ikayeyuka, akijaza lile tundu kwa utepe wa shashi huku mimi nimekaa jikoni na mikono mapajani, nimekatazwa hata kushika mkasi. Lakini hayo sikuyajua asubuhi ile. Asubuhi ile nilijua tu kwamba nimemnyima mume wangu alichoniomba, na kwamba pengine namtoa nje ya mlango ule kwa mara ya mwisho.

Tawnya alitoka kwenda kuwasha gari lipate joto. Tukabaki wawili. Nilimvalisha koti, mkono mmoja, mkono wa pili, naye akiniachia kama mtoto.

"Umesema huwezi," akasema.

"Nimesema."

"Sijawahi kukusikia ukisema hivyo."

"Hata mimi."

Alikaa akihema. Nilidhani ameniacha, nilidhani ameshaugeukia ukuta tena. Kisha akainamisha kichwa chake mbele yangu.

"Basi nivalishe kofia," akasema. "Hiyo unaweza."

Nikamvalisha. Ilinichukua mara tatu kuziweka sawa pande za masikio, na yeye alisubiri.